Wazee wangu wanashinda na tivii, niwafanyie nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi nina miaka 24, nahudumia wazee kwenye makao fulani hapa Unguja. Wazee wangu wakishakunywa chai wanakaa barazani, tivii inawaka toka asubuhi mpaka magharibi na hakuna anayeiangalia. Nikanunua karatasi na penseli za rangi wachore maua, bibi mmoja akanirudishia akasema "mjukuu wangu, mimi si mtoto wa chekechea". Niliumia kwa kweli. Sa nijaribu nini? Na kuna babu kashasahau hata majina ya wanawe, huyo atashiriki vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiumie, bibi kakupa jibu mwenyewe. Yule kalea watoto, kawaoza, kauguza, halafu leo anapewa ua la kupaka rangi ambalo likishapakwa halina pa kwenda. Mpe kazi anayoijua kukushinda wewe. Tafuta ukindu, yale majani ya kusukia mikeka, mweupe na wa rangi, chane zake zinyunyizie maji zilainike, kaa chini karibu yake uanze kusuka vibaya. Hatovumilia, atakunyang'anya. Mamangu macho yalikuwa yameshakwisha kabisa lakini alisuka kwa kupapasa, akikosea kidole gumba kinamwambia, anafumua mpaka pale palipoharibika anaanza tena, na siku akisuka alikuwa anakula vizuri na usiku analala. Ukili, yaani ule mkanda uliosukwa, ukifika pima kadhaa ukunjeni, mwingine mwenye mkono mzima ashone, na mkeka ukimalizika upelekeni madrasa ya jirani na waliousuka waende wauone unakaliwa, hapo usifanye uvivu, hilo ndo kubwa kuliko yote.

Kwa wanaume bao la kete 64 linatosha, ila kaa ufundishwe wewe. Mzee akikukemea kwamba umetakata ovyo ilhali una mtaji, yaani umesogeza kete tu na ulikuwa na nafasi ya kula, jua siku yake imekuwa nzuri.

Sasa babu. Acha kabisa kumuuliza "unakumbuka?" maana kwake huo ni mtihani anaofeli kila siku mbele za watu. Kule Milwaukee, Marekani, miaka ya 1990 mama mmoja anaitwa Anne Basting alijaribu sana kuwakumbusha wazee wenye ugonjwa wa kusahau mambo yao ya zamani, haikwenda, mpaka alipochukua picha tu kwenye gazeti akawaambia haya tutunge, huyu ni nani, anaishi wapi, na kila walichosema kiliandikwa, hata kama hakieleweki, kisha wakasomewa. Wakaongea, wakacheka, wakaimba. Na wewe tafuta picha ya jahazi, muulize hili linakwenda wapi, limepakia nini, nani kalala kule nyuma. Akisema limepakia mbuzi wa harusi, andika mbuzi wa harusi, usimsahihishe.

Na mkuu wako akisema unapoteza muda mwambie Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya, na ripoti ikaona sanaa inasaidia kuanzia kuzuia maradhi mpaka kuyauguza.

Tivii usiizime bila kuwauliza, ile ni sebule yao. Karatasi zako pia usizitupe, ndo utakazoandikia hadithi za babu.