Maswali Yenu: Mkojo Uliopanda Daladala

Barua za mwezi huu karibu zote ni za haja ndogo. Nimechukua nne. Tatu nimezijibu kwa urefu, ya nne kwa ufupi.

Shikamoo daktari. Nina miaka 29, nauza vitenge Mbagala. Ndani ya miezi minane nimeambiwa mara tano kwamba nina UTI. Nimemeza sipro, nimechomwa sindano siku tano, na juzi nimeandikiwa nyingine. Kila nikimaliza dozi nawashwa sehemu za siri kuliko mwanzo, na unatoka uchafu mweupe. Kiuno nacho kinauma. Mkojo huwa naukinga nyumbani alfajiri, maana choo cha maabara sikipendi. Wifi yangu anasema hii ni UTI sugu. Naambatanisha picha ya majibu. — Mama Vitenge

Marahaba, mama. Kabla sijasomea udaktari nilikaa miaka tisa nyuma ya darubini kwenye maabara ya wilaya huko Kanda ya Ziwa, kwa hiyo cheti cha mkojo nakisoma kama wewe unavyolisoma pindo la kitenge.

Chako kinasema: seli za usaha 2 hadi 4. Hizo hata mimi huenda ninazo leo. Naitraiti, alama inayoachwa na bakteria wengi wa UTI, hakuna. Seli za ngozi nyingi. Bakteria wapo. Aliyekuandikia sindano naona alisoma mstari wa mwisho tu. Mimi naanzia kwenye seli za ngozi. Zikijaa, maana yake mkojo umepita juu ya ngozi ukazoa vilivyokuwepo, na siwezi tena kujua kama hao bakteria wametoka kibofuni au mlangoni.

Halafu kuna safari. Umeukinga saa kumi na moja alfajiri, ukaupandisha daladala, ukafika maabara saa nne. Kwa joto la Dar es Salaam, bakteria wachache walioingia kikombeni wanashuka kituoni wakiwa ukoo mzima. Mkojo utazamwe ndani ya saa mbili, la sivyo ukae kwenye friji. Kwa hiyo choo cha maabara, hata kama hukipendi, safari hii kivumilie. Nawa kwa maji matupu, tanua mashavu ya uke kwa vidole, uache mkojo wa mwanzo uende zake, kisha ndipo usogeze kikombe ukinge wa katikati. Usiguse ndani ya kikombe. Mpe fundi wa maabara mkononi, usimwachie dirishani penye jua.

Kwa maelezo yako, ninayemshuku ni fangasi, na sisi wenyewe ndio tunaomlisha. Uke una bakteria wema wanaoulinda. Kila dozi ya antibayotiki inawafagia, fangasi anabaki na shamba lisilo na mwenyewe. Nenda ukachunguzwe ukeni, si mkojo peke yake, na upime sukari kwa sababu fangasi wanaorudi rudi wakati mwingine ndio wanaotuonyesha kisukari.

Kuhusu kiuno, niliwahi kupata bibi mmoja kliniki akaniambia, "Mwanangu, mimi nina uti." Nikamwandikia kipimo cha mkojo. Akacheka, akashika mgongo: "Uti huu hapa!" Alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshazoea kusikia yutiai kila mahali. Wewe unayekaa kwenye kigoda kutwa na kubeba robota la vitenge jioni, kwa kiuno chako nakilaumu kigoda kwanza.

UTI ya kibofu yenyewe ikija haijifichi: mkojo unachoma ukitoka, unabanwa kila baada ya dakika chache na kinachotoka ni kijiko, chini ya kitovu panauma. Mwanamke asiye mjamzito akiwa na hayo, bila uchafu ukeni, mara nyingi nitroforantoini ya siku tano inatosha, wala hahitaji sindano. Ikirudi rudi, kabla ya dawa nyingine mkojo unaoteshwa maabara, siku mbili hivi, tujue ni mdudu gani na anasikia dawa ipi. Sipro tunaitunza kwa ajili ya vita vikubwa. Na bakteria waliokaa kibofuni bila dalili yoyote huwa tunawaacha, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye tunamtibu hata kama hasikii kitu. Homa, kutetemeka na maumivu ya ubavu chini ya mbavu, hiyo imepanda kwenye figo: usiniandikie barua, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari, kijana wangu ana miaka 11, tunaishi Misungwi. Mkojo wake unaanza vizuri, ila matone ya mwisho ni damu. Hana homa, anacheza kama kawaida. Babu yake anasema aachwe, anakua. — Baba wa mtoto

Babu mwambie shikamoo yangu, kisha umwambie mtoto hakui kwa damu. Matone ya mwisho yakiwa mekundu, kwa mtoto wa huko kwenu, akili yangu inakwenda moja kwa moja kwenye kichocho. Minyoo inakaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, mayai yake yana mwiba, yanatoboa ukuta wa kibofu kutoka nje. Kibofu kinapojikamua mwishoni ndipo damu inapoonekana.

Na si ziwani anakokipata. Kule Ziwa Victoria kwenyewe kuna kichocho cha matumbo. Hiki cha kibofu konokono wake anapenda madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Muulize anaogelea wapi na ng'ombe anawanyweshea wapi.

Sasa sikiliza saa, maana hapa watu wengi wanakosea. Mkojo wa alfajiri, huo unaopendwa kwa vipimo vingine, kwa kichocho haufai sana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mwambie mtoto aruke kamba kidogo, kisha akojoe mkojo wote, na hapa tunataka hasa yale matone ya mwisho. Maabara niliyofanyia kazi tulikuwa tunachuja mililita 10 kwenye karatasi laini, tunaiweka chini ya darubini, na yai linakutazama lenyewe, refu kama punje ya mchele, mwiba mkiani. Ukishaliona mara moja hulisahau.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 30 anameza vidonge viwili vya 600. Ale kwanza ashibe, maana ni chungu na inazungusha kichwa. Inaua minyoo mikubwa, michanga inaponea, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa apimwe tena. Akirudi lambo lile lile, atarudi na minyoo ile ile.

Kama ana dada, naye apimwe. Kwa wasichana mayai hayo hujipenyeza hadi kwenye uke na shingo ya kizazi, wakatoka damu au uchafu, halafu wakatuhumiwa magonjwa ya zinaa. Nimeona binti akigombezwa na mama yake mbele yangu kwa sababu hiyo, na mayai yako kwenye kioo cha darubini.

Hayo ni ya mtoto. Mtu mzima wa miaka 50 anayekojoa damu bila maumivu, hata mara moja tu, apigwe ultrasaundi na atazamwe kibofu kwa kamera. Huyo simpi prazikwanteli akaenda zake.

Mzee wetu, miaka 63, ana presha. Kreatinini imetoka 180 na tumeambiwa tujiandae kusafisha damu. Anatumia diklofenaki kwa ajili ya magoti. Usiku anaamka mara tano kukojoa, mkojo unatoka kwa kudondoka. — Binti yake, Morogoro

Binti, sentensi yako ya mwisho umeiweka kama nyongeza, mimi nimeisoma mara tatu.

Kreatinini ni taka ambayo figo huitoa kwenye damu. Kwa umri wake, 180 ni kama figo zinafanya kazi ya 36 hivi kwa kipimo ambacho kijana mzima hufika 90 na zaidi. Ni jambo zito, lakini kusafisha damu tunaanza kukuzungumzia ikishuka chini ya 15, na hata hapo tunamtazama mgonjwa kwanza. Tena kipimo kimoja hakitoshi. Kirudiwe ndani ya siku chache tujue kama kinapanda, na ugonjwa wa figo wa kudumu tunauita hivyo ukishapita miezi mitatu.

Mkojo wa kudondoka na kuamka mara tano unanifanya nifikirie tezi dume. Ikibana njia, mkojo unarudi nyuma na figo zinajaa kama mabwawa. Apigwe ultrasaundi ya figo na kibofu, akojoe, kisha apigwe tena tuone kimebaki kiasi gani. Nimewahi kumwona mzee aliyeletwa akiwa anaandaliwa dialisisi, huko kusafishwa damu. Kibofu kilikuwa kimefika kitovuni. Aliwekewa mpira wa mkojo tu. Wiki iliyofuata kreatinini ilikuwa imeshuka nusu na yeye anadai ugali.

Diklofenaki aache leo, na asibadilishiwe ibuprofeni, ni ndugu yake. Kwa magoti parasetamoli. Dawa za presha asiziache, chumvi ipungue, na mkojo upimwe protini.

Je, madafu yanasafisha figo? — Msomaji, Tanga

Figo nzima hazihitaji kusafishwa, zenyewe ndizo zinazosafisha. Kunywa dafu lako kwa raha. Ila kama una figo kama za mzee wa Morogoro, liache hapo kwa muuzaji: lina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka zikishindwa kuitoa, unaoumia ni moyo.