Chipsi za shule zilinitoa kwenye grupu, dagaa wakaniingiza jikoni

Juzi usiku saa nne na kitu, nishamaliza kuosha vyombo, nakuta meseji ndefu ya dada mmoja wa Ipuli kule Tabora. Mwanae yuko la pili shule ya kulipia, hela ya chakula anatoa kila muhula, mtoto analishwa chipsi mara tatu kwa wiki na akirudi nyumbani ugali hataki hata kuuona. Mwishoni kaandika, "dada nifanyeje, nikiongea naambiwa kama sijaridhika nimhamishe." Nikacheka peke yangu, si kwa ubaya, hayo maneno na mimi niliambiwa hivyohivyo tena mbele za watu.

Nimeona nisimjibu yeye tu, niandike hapa, maana najua mnaonisoma wote mna watoto shuleni na wote tunataka wafike mbali kuliko tulipofika sisi.

Sisi tunakaa Gungu, Kigoma mjini. Wa kwangu wa pili alipoanza la kwanza nilijiona nimemaliza, shule nzuri, sare nzuri, chakula hukohuko, mi naenda zangu kazini roho nyeupe. Dalili ya kwanza ilikuja mezani. Bibi yake ni mtu wa Kibirizi, kaanika dagaa maisha yake yote, watoto wake wote kawasomesha kwa dagaa. Siku hiyo katutembelea na mfuko wake, nimepika vizuri, mtoto anasukuma sahani kule, "mama hawa wananuka, shule sisi tunakula chipsi." Bibi yake hakusema kitu. Alivuta ile sahani taratibu akala yeye. Mpaka leo nikiikumbuka ile sahani nasikia aibu.

Dalili ya pili ilikuwa chooni, naomba mnisamehe ila ndo ukweli. Siku ya tatu mtoto hajapata choo, analia tumbo, tukaenda zahanati nesi akauliza swali moja tu, mama anakula nini mchana? Nikafungua mdomo nikagundua sijui. Yani nalipia kitu muhula wa pili na sijui ni nini!

Kesho yake saa tano nikaenda shule bila taarifa, nikasema nampelekea mtoto daftari, nikapita nyuma ya madarasa mpaka jikoni. Kwenye karai mafuta meusi kama oili ya bajaji, yanatoa povu na moshi hata viazi havijaingia. Mafuta yakifika hapo yameshachoka, yameshakaangiwa mara nyingi, hayafai tena, hilo hata mama muuza maandazi barazani analijua japo hatakwambia. Pembeni ndoo ya lita 20 ya juisi ya unga, nyekundu kama wino, mama mpishi anamimina sukari kilo moja na nusu nikiwa namwangalia. Mi ni mtu wa hesabu nikapiga palepale kichwani. Ndoo hiyo ni vikombe 80 vya robo lita, kila kikombe karibu gramu 19, ni kama vijiko vitano vya chai kwa mtoto wa miaka saba kwa mlo mmoja. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku nzima, ikishuka chini ya 5 ndo bora zaidi, sasa hapo bado chai ya asubuhi na andazi na biskuti ambazo, nakiri, nilikuwa namwekea mwenyewe kwenye begi.

Hapo ndo nikafanya kosa langu. Nikapiga picha lile karai, nikarusha kwenye grupu la wasap la wazazi, nikaandika "HIKI NDICHO WANACHOLISHWA WATOTO WETU" na vile vikatuni vya hasira kama kumi. Mama yangu, grupu liliwaka! Mpaka magharibi meseji zaidi ya 70, pongezi, dole gumba, mama umetuamsha, mama Mungu akubariki. Nikalala najiona shujaa.

Siku nne baadaye niko soko la Mwanga natafuta nyanya, nakutana na yule mama mpishi kakaa chini na mafungu ya mchicha. Kasimamishwa. Nilitaka kupita kama sijamwona ila tayari kaniona, akaniita kwa heshima tu, "Mama, njoo nikwambie." Nikachuchumaa. Akasema, "Kwani mafuta nanunua mimi? Mi napewa lita tatu, naambiwa ongezea kwenye yale ya juzi. Ungeniuliza ningekwambia." Hakunitukana. Afadhali angenitukana maana nilikosa pa kuweka uso, nikanunua mchicha mafungu sita ambao hata sikuuhitaji.

Kikaoni sasa. Nilisimama nikaongea vizuri tu, nikaambiwa mimi mjuaji, naichafua shule, kama sijaridhika nimhamishe mtoto. Nikageuka kuwatafuta wale wa dole gumba. Kimya. Mmoja alikuwa anachezea simu, mwingine kainamia mkoba wake mpaka nikadhani kuna kitu kimepotea humo. Jioni yake admini akanitoa kwenye grupu, hata sababu sikuambiwa. Nawaambia ukweli iliniuma na bado inaniuma, wengine tunasalimiana sokoni kama kawaida ila moyoni najua nani ni nani.

Vikao viwili vilivyofuata naviruka, vilikuwa kelele tu. Kilichobadilisha mambo ni daftari. Nilimfuata mama mpishi kwake nikamwomba msamaha kwanza, afu tukakaa mkekani akaanza kunitajia kila kitu kinachoingia jikoni na mi naandika bei za sokoni za wakati ule. Watoto 160. Siku ya chipsi viazi elfu 40, sukari elfu 9, juisi ya unga elfu 4, tomato sosi elfu 6, na mafuta lita tatu za kuongezea elfu 19 na mia tano. Jumla elfu 78 na mia tano, rahisi kweli, ndo maana wanazipenda. Ila nikamuuliza, kama ungekuwa unamwaga yale ya zamani unaweka mapya ungehitaji lita ngapi? Akasema nane. Lita nane ni elfu 52, jumla inaruka mpaka elfu 111.

Tukapiga na ya ugali dagaa. Unga kilo 24 elfu 36. Dagaa wetu mnajua bei yao, hata sisi tulio mlangoni kwa Ziwa Tanganyika tunanunua kwa kujikuna kichwa, kilo ilikuwa elfu 30, ila dagaa mkavu mtoto hahitaji wengi, gramu kumi kumi ni kilo moja na gramu 600, elfu 48. Mawese lita mbili elfu 9, mchicha elfu 8, nyanya na vitunguu na chumvi elfu 6. Jumla elfu 107. Mmeona? Zile chipsi zilikuwa rahisi kwa sababu mafuta hayamwagwi. Ukidai mafuta safi tu, wala hujagusa habari ya lishe, dagaa wa Kigoma mwenyewe anaishinda chipsi kwa bei!

Hiyo karatasi nilimpelekea hedimasta ofisini, sisi wawili, bila grupu bila picha. Aliisoma mara mbili. Akaniuliza nani kanipa hizi namba, nikasema nitamwambia siku mama mpishi akirudi kazini. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi.

Akarudishwa. Ratiba sasa hivi dagaa siku mbili, maharage siku mbili, chipsi Ijumaa tu kwa mafuta mapya, na ile ndoo nyekundu ikaondoka, ni maji na ndizi au parachichi au embe kulingana na msimu. Msidhani watoto walishangilia. Wiki ya kwanza sahani 40 na kitu zilirudi na dagaa wao, nikaambiwa si unaona. Mama mpishi akasema niachieni, akawakaanga wakavu na kitunguu na ndimu, wiki ya tatu wanagombania ukoko.

Kwa hiyo ushauri wangu, nenda jikoni. Usianze na grupu, nenda jikoni, muulize anayepika anapewa nini na nani, onja chakula, na ukishaonja nenda tena siku nyingine maana siku ya kwanza utapikiwa vizuri. Kwenye kikao nenda na bei, maneno ya lishe matupu yanamchosha kila mtu. Mawese msiyaunguze mpaka yawe meupe, ile rangi nyekundu ndo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ukiiunguza umebaki na mafuta tu. Na muwe na mpango wa pili, ziwa lilipofungwa kuvua kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 dagaa walikuwa hawashikiki, maharage ya Kasulu ndo mkombozi.

Na sisi wazazi tuache unafiki jamani. Unalalamikia juisi ya shule na asubuhi umempa mtoto elfu moja ya chipsi na soda ili asikusumbue? Mimi nilikuwa hivyo, nasema nikiwa najisema. Mtoto anaiga mdomo wa mama yake, ukiwasema dagaa ni chakula cha shida naye atawasema hivyo, tubadilike, tuanze nyumbani, mezani, mbele yao.

Dada wa Ipuli, nyie dagaa wetu hawatawafaa kwa bei ila mna karanga, mna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mna maembe mpaka yanaoza chini ya miti, kisamvu cha karanga kwa ugali hakuna mtoto wa Kinyamwezi atakayekikataa. Nenda jikoni wiki hii, uliza mafuta ni lita ngapi na yanamwagwa lini, uniletee hayo majibu tupige hesabu pamoja. Mimi kwenye grupu sijarudishwa mpaka leo, habari za vikao ananiletea mama mpishi.