Fielder Inanguruma, Lakini Haiendi

SWALI: Fundi, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nina Toyota Fielder ya 1500cc. Juzi kijana mmoja wa jua kali alinikatia katalitiki (kile kichujio cha kusafisha moshi) na sailensa, akanichomelea bomba la inchi mbili na nusu mpaka nyuma ili gari lipate sauti. Sauti nimepata. Lakini sasa nikikanyaga mafuta gari linasita kwanza, ndipo liende. Nikipanda kutoka Kisian kwenda Maseno, matatu zinanipita zikiwa zimejaa. Taa ya injini inawaka na petroli inaisha mbio. Rafiki ananishauri ninunue kile kifaa kinachochomekwa kwenye waya wa pedali ili gari liitikie haraka. Ninunue?

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Kifaa hicho hakiongezi nguvu hata chembe. Kinaiambia kompyuta tu kwamba umekanyaga zaidi ya ulivyokanyaga. Injini nzito itabaki nzito, na kwenye foleni gari litakuwa likirukaruka.

Mwinuko nao usiusingizie, kwamba hewa nyepesi ndiyo inayoinyima injini nguvu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari. Huku Nakuru tuko kama 1,850, hewa yetu ndiyo nyepesi, na Fielder ambazo hazijachezewa zinapanda Mau Summit bila kelele.

Mimi gari kama lako likiingia kwangu, kabla sijagusa kingine nalala chini nikamulike tochi pale bomba la mbele linapoungana na manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Hapo pana gasketi ya duara na bolti mbili zenye springi. Zimewekwa hivyo makusudi, kwa sababu injini huyumba unapokanyaga mafuta, na kiungio kinatakiwa kicheze bila kuachia. Sasa fundi akikuwekea bomba zito, akarudisha gasketi ile ile ya zamani na asifunge raba za kulishikilia huko nyuma, uzito wote unaning'inia hapo. Gari likisimama, kiungio kimefunga. Ukikanyaga, injini inaegemea upande, kinafunguka. Ndiyo maana ukienda kuonyesha likiwa limesimama unaambiwa ni zima.

Na ubaya wa pengo hilo si moshi unaotoka, ni hewa inayoingia. Moshi hutoka kwa mapigo. Katikati ya pigo na pigo presha inashuka na hewa ya nje inavutwa ndani. Sensa ya oksijeni iliyo karibu inaiona hewa hiyo, kompyuta inadhani petroli imepungua, inaongeza. Petroli ikizidi, injini inakuwa nzito na plagi zinaota masizi. Hizo ndizo dalili zako zote mbili, kusita na kula mafuta.

Pima asubuhi injini ikiwa baridi. Mwenzako azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito kwa sekunde chache, wewe sikiliza huku mbele: ukisikia "chu-chu-chu", umefika. Alama nyeusi za masizi kandokando ya gasketi au kwenye mshono wa welda ni ushahidi tosha. Kisha lipimwe kwa kompyuta. Kodi (namba ya hitilafu) P0420 isikutishe, hiyo inalalamikia katalitiki uliyoitoa na si kawaida yake kulifanya gari zito. Mwambie anayepima akuonyeshe kompyuta inaongeza petroli asilimia ngapi. Ikiwa imepita kumi na inazidi kupanda, pengo lipo, au sensa yenyewe iliumizwa wakati wa kuchomelea. Waya zake huungua zikigusa bomba, zifuate kwa mkono mpaka mwisho.

Ukishaziba, gari litachangamka, lakini si kama zamani, kwa sababu bomba lenyewe ni pana mno. Kwenye bomba jembamba moshi hukimbia, na mbio hizo ndizo zinazovuta mabaki kutoka kwenye silinda. Kwenye pana unapoa na kuzubaa, hasa injini ikizunguka polepole, na mlima wa Maseno unaupanda kwa mzunguko huo huo. Injini ya 1500cc isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi), inchi mbili tayari ni nyingi. Rudi chini ya hapo, urudishe sailensa, ambayo hata sheria ya trafiki inaidai.

Halafu, hiyo katalitiki iliyokatwa ilibaki na nani? Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, metali za bei ghali. Mtu anayekukatia kwa bei ya chini ana hesabu zake. Idai, na kama haijavunjika ndani irudishe mahali pake.

SWALI: Ni lazima betri itolewe kabla ya kuchomelea ekzosi? (Msomaji, Njoro)

JIBU: Toa waya wa hasi, na klampu ya welda ishikwe karibu na anapochomelea, si kwenye bodi upande wa pili. Baada ya kurudisha betri, washa gari uliache lingurume lenyewe kama dakika kumi bila kugusa pedali, eyakondishena ikiwa imezimwa. Kama mzunguko wa injini utapanda na kushuka siku ya kwanza, usikimbilie kubadilisha kitu, liendeshe kwanza.