Shangazi, mwanangu ananiita "Begi"

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, mara nyingine navuka mpaka hadi Lubumbashi. Nyumbani ni Mbalizi, Mbeya. Nina mabinti wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitano. Huyu mdogo alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi minane. Alipopona tukagundua hasikii, akawa bubu. Mke wangu akakutana na dada mmoja kiziwi, fundi cherehani pale sokoni, akamwomba awafundishe lugha ya alama. Sasa wanaongea kwa mikono kutwa nzima, mimi nikirudi baada ya wiki mbili tatu nakaa kama mgeni. Safari iliyopita mdogo alinieleza jambo refu, nikawa naitikia kwa kichwa. Nilipobaki nimekaa akaanza kulia, akakimbilia kwa mama yake. Kumbe alikuwa ananiuliza kama nitampeleka kuona lori, na mimi nilikuwa nimesema ndiyo.*

*Mama na kaka zangu wanasema alama ndizo zinamfanya asiongee, tuzipige marufuku. Jirani naye kaniambia Muhimbili wanapandikiza kifaa cha kusikia, nafikiria kuuza kiwanja. Lakini lililoniuma kuliko yote: nimegundua jina langu pale nyumbani ni mkono unaotupia begi begani. Naweza kumwambia abadilishe?*

*Baba wa Mbalizi*

Marahaba, mwanangu.

Neno "bubu" liache huko huko barabarani. Binti yako ni kiziwi, na viziwi wenyewe wanajiita hivyo bila haya. Chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Bubu ni mtu asiye na la kusema, na huyu kwa maelezo yako anakumaliza kwa maneno.

Sasa mambo ya mama na kaka zako. Siku ukiwa umeegesha gari, jitazame kwenye kioo cha pembeni. Bila kutoa sauti, sema "baba". Halafu sema "mama". Halafu "papa", yule wa baharini. Umeona tofauti? Hakuna. Midomo inafumba na kufumbua vile vile mara tatu. Hicho ndicho watu wanachotaka binti yako aishi nacho mkizipiga marufuku alama: akutazame mdomoni akisie kama ametajwa baba, mama au samaki. Kusoma midomo kunamsaidia mtu ambaye lugha tayari anayo, anajazia mapengo. Asiye na lugha atajazia kwa kitu gani?

Hofu hiyo hata si ya kwenu peke yenu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Katika wajumbe 164 kiziwi alikuwa mmoja, na mkutano ukaamua kwamba shule zifundishe kwa mdomo, mikono ikae kando. Watoto wa nchi nyingi wakafungwa na uamuzi huo kizazi baada ya kizazi. Ilipofika 2010, mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, safari hiyo huko Vancouver, Kanada, ndio uliosema uamuzi ule ulikuwa wa makosa na kuujutia. Miaka 130, mwanangu. Wewe huna muda huo, binti ana mitano.

Mwambie mama yako kwa heshima kwamba mtoto kaacha kusikia kwa sababu ya ugonjwa, na alama zimekuja baadaye, zikakuta ukimya umeshaingia. Hazimzuii kuongea. Mtoto mwenye lugha ya alama akipata na msaada wa kujifunza kutamka, anajifunza akiwa tayari anajua kitu kinaitwaje na kwa nini watu wanaongea. Ukishasema hayo usibishane tena. Mama yako atakuja mwenyewe siku mjukuu akimwonyesha kwamba chai haina sukari.

Nikuhadithie la kwetu. Nilikulia Kilosa, na mtoto wa mjomba wangu alikuwa kiziwi. Nyumbani tulikuwa na alama zetu za kubuni, hazikufika thelathini: kula, lala, njoo, ng'ombe, utachapwa. Zilitosha kumtuma dukani. Hazikutosha kumwambia kwamba bibi amekufa na harudi. Alimsubiri pale kizingitini siku nyingi, jioni jioni, mpaka mjomba akawa anamburuta kumwingiza ndani.

Alipofika miaka 11 akapelekwa Tabora kwa treni. Shule ya viziwi ya pale ilifunguliwa 1963, ya kwanza nchini. Siku zile walimu walikazania midomo. Lugha ya mikono aliikuta bwenini, kwa wenzake. Likizo ya kwanza alirudi mikono ikienda mbio, anasimulia, anaigiza, anacheka, anatungoja na sisi tucheke. Tulikaa kumtazama. Siku ya tatu akatuacha. Mjini alikuwepo fundi viatu kiziwi, akawa anashinda kwake kuanzia asubuhi hadi giza linaingia, likizo ile na zote zilizofuata. Mjomba alikuwa analalamika, "Huyu mtoto hapendi nyumbani."

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, tatizo la barua yako sio alama wala Muhimbili. Mkeo amefanya kazi kubwa ambayo wazazi wengi hawaifanyi, na sasa yeye ndiye mkalimani kati yako na mwanao. Asipokuwepo, kazi inamwangukia dada mtu wa miaka tisa. Mtoto mkubwa akicheka sebuleni, mdogo anauliza mnacheka nini, anajibiwa "nitakuambia baadaye." Waulize viziwi watu wazima waliolelewa na wanaosikia, jibu hilo wanalijua kwa moyo. Huyo baadaye hafiki.

Una simu yenye kamera, maana barua umeituma kwayo. Basi unayo bahati ambayo mjomba hakuwa nayo. Simu ya sauti na binti yako haina kazi, ya video imeumbwa kwa ajili yenu. Ukipumzika Makambako au Ilula, gari limezimwa, simu umeiegemeza kwenye dashibodi ili mikono yako yote miwili iwe huru, mpigie yeye. Usimpigie mama yake halafu "nipe mtoto." Mpigie yeye. Kila simu akufundishe maneno matatu, yeye mwalimu. Mwonyeshe tairi, mwonyeshe nyani wa Mikumi, mwulize hiki mnakiitaje. Watoto wanapenda sana kumsahihisha mtu mzima, utashangaa. Bando litaisha haraka, hilo nakubali.

Maneno ya kwanza kabisa, kabla ya mama na maji, yawe "rudia" na "sijaelewa". Yangekuokoa siku ile. Katika lugha nyingi za alama uso nao ni sarufi. Mtu akipandisha nyusi, sentensi inageuka swali la ndiyo au hapana. Naamini siku ile nyusi zake zilikuwa juu, wewe ukaitikia kwa kichwa kwa upole, na yeye akaenda kutafuta viatu. Usimwitikie tena kitu usichokielewa, hata kama umechoka na barabara. Afadhali akuone mjinga kuliko akuone mwongo.

Ukiwa nyumbani, kaa anapoona uso wako na mikono yako, mwanga ukupige usoni, usiwe mgongoni. Ukimtaka, mguse bega au zima taa na kuiwasha. Kukanyaga sakafu kunafaa kwenye mbao, ya kwenu nadhani ni saruji. Ukitaka kumwonyesha kitu, kionyeshe, ngoja akitazame, ngoja macho yarudi kwako, ndipo useme. Mtoto anayesikia anaweza kutazama sufuria huku anakusikiliza. Wa kwako anafanya kimoja kimoja, na sisi wasikiaji tuna haraka mbaya. Halafu umeme. Kwenu ukikatika usiku, na mazungumzo yamekatika. Nunua taa ya kuchaji, ikae pale mnapokula, na mtu asiichukue kwenda nayo bafuni.

Jihadhari pia na kujifunza kwenye video za mtandaoni. Lugha ya alama haiko moja duniani. Ya Marekani ni yao, hata ya Kenya ni lugha nyingine, na huko imeandikwa kwenye Katiba ya 2010 kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Ya kwetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na mwalimu mnaye tayari: yule dada wa cherehani. Mlipeni. Hata kama hajasema bei, mlipeni, muda wake ni nguo ambazo hajashona. Na mkaribisheni nyumbani siku wewe upo, ale chakula, umwone mtu mzima kiziwi mwenye kazi yake na kodi yake ya fremu. Nina hakika kaka zako hawajawahi kukaa meza moja na mtu kama huyo. CHAVITA wana matawi mikoani, nao watakuelekeza. Kuhusu shule, msingoje afike miaka saba. Mkeo aende ofisi ya elimu ya halmashauri amwulize afisa wa elimu maalumu ni shule ipi iliyo karibu yenye kitengo cha viziwi. Akiweza kusoma na kurudi kulala kwenu, bora zaidi. Ikilazimu bweni, ndiyo sababu nyingine ya wewe kujifunza sasa, usije ukawa mjomba wa Kilosa.

Muhimbili. Ni kweli, upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya sikio wameuanza 2017. Mpelekeni akapimwe, na msichelewe, kwa sababu homa ya uti wa mgongo inaweza kusababisha mfupa kuota ndani ya sikio la ndani na kuziba njia ya kifaa. Lakini kiwanja usikiuze kwa maneno ya jirani. Kwa mtoto aliyeacha kusikia angali mchanga, kifaa kinafaa zaidi kikiwahi sana, na wako ana mitano. Wataalamu wawaambie wazi mtarajie nini. Waulize pia baada ya upasuaji kuna nini: mazoezi ya kusikia na kutamka ya muda mrefu, betri, kile kipande cha nje ambacho mtoto anaweza kukidondosha mtoni. Na hata akiwekewa, usiku akikivua atakuwa kiziwi, akiogelea atakuwa kiziwi. Alama ziendelee. Mtu akikuambia uchague kimoja, muulize kwani mtoto akiwa na vyote viwili anapungukiwa nini.

Limebaki la begi. Hapana, huwezi kumwambia abadilishe. Mara nyingi viziwi hawakuiti kwa herufi ulizopewa na wazazi, wanakuita kwa wanachokiona kwako, na jina la alama mtu hajichagulii. Anayekutana nawe mara mbili kwa mwezi, na mara zote mbili upo mlangoni na begi, angekuitaje? Jifunze kulifanya vizuri hilo jina, mkono ule ule, bega lile lile, ili siku ukijitambulisha kwa yule dada wa cherehani ujitaje mwenyewe bila kusaidiwa.

Mimi kwa binamu yangu nilikuwa vidole viwili kwenye kiwiko, pale nilipoungua na uji nikiwa na miaka sita. Nililichukia jina hilo mpaka nikaolewa. Amefariki 2011, na tangu hapo hajatokea mtu wa kuniita hivyo.

Ukifika Mbalizi safari hii, kabla hujaingia ndani, mpeleke akaone lori.