Kutoka Windows 10 kwenda 11 bila kufuta kitu

Ndugu, si lazima kufuta kompyuta yote ndipo upate Windows 11. Usiiwashe kupitia flashi: fungua ISO (faili moja kubwa yenye Windows 11 nzima) ukiwa ndani ya Windows 10, bofya setup.exe, uchague kubaki na faili pamoja na programu. Chaguo hilo likiwa limefifia, tazama lugha kwanza. Kompyuta nyingi hapa Goma zina Windows ya Kifaransa. Ukileta ISO ya Kiingereza, au hata ya Kifaransa cha Kanada, faili zitabaki lakini programu zitaondoka.

Ukichukua ISO kwa rafiki ili kuokoa mega, flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT au NTFS. FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4, na ISO hii inazidi GB 5. Hakikisha kompyuta ina TPM 2.0 (chipu ya usalama), na uache kama GB 30 wazi kwenye diski C.

Nakili kwanza kazi zako muhimu nje. Betri ijae na chaja ibaki kwenye umeme. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba ya nje) usiiguse, maana umeme ukikatika katikati inaweza kukataa kuwaka. Kurudi Windows 10 una siku 10 tu.