Mama Kazi Anajibu: Bosi anataka namba za Ijumaa, mimi nataka kung'oa mzizi

SWALI: Shikamoo Mama Kazi. Ninaongoza kitengo cha huduma kwa wateja, tuko watu saba. Kila Ijumaa bosi anataka idadi ya malalamiko tuliyoyafunga, na kwa idadi hiyo tunasifiwa au tunawekwa kitimoto. Lakini malalamiko ni yale yale: ankara imekwenda kwenye anwani ya zamani, au mteja kalipa na malipo hayaonekani. Nataka tusafishe taarifa za wateja kwenye mfumo na kuandika mwongozo kwa wafanyakazi wapya. Nikiomba mwezi mmoja wa kazi hiyo, naambiwa "tuvuke kwanza robo hii ya mwaka." Robo zinapita tu. Nifanyeje?
– Niliyechoka na Ijumaa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, acha kuomba mwezi. Bosi mwenye ripoti ya kupeleka juu hawezi kukuachia watu saba wakae mwezi mzima bila kufunga kitu. Ningekuwa kwenye kiti chake, nami ningekunyima. Yeye naye ana Ijumaa yake! Umemtaka aache namba anayoiona kwa ajili ya faida ambayo hadi sasa unaiona wewe peke yako.

Kuanzia Jumatatu, kila anayefunga lalamiko aandike chanzo chake: anwani, malipo, na vingine vichache. Vitano vinatosha. Ukiwapa orodha ya vyanzo ishirini watachagua "mengineyo" kutwa nzima, nawajua. Kisha hesabuni wateja waliorudi na jambo lile lile ndani ya siku 30. Hiyo ndiyo namba unayoihitaji. Sasa hivi mteja akirudi mara tatu kwa ankara ile ile, ripoti yako inaonyesha malalamiko matatu yaliyofungwa, na mnapongezwa. Bosi hajawahi kuliona hilo kwa sababu ripoti haina mahali pa kulionyesha, na ripoti hiyo unaiandika wewe. Ongeza mstari mmoja chini ya ule anaoupenda: "waliorudi." Usiandike maelezo wala kulalamika. Mwache auone wiki baada ya wiki mpaka aulize mwenyewe.

Wakati huo chagua chanzo kimoja. Kusafisha mfumo wote ni mradi, na miradi ya namna hiyo hufia njiani. Kama ni anwani, kila anayepiga simu athibitishiwe anwani kabla hajakata, hata kama alipiga kwa jambo jingine. Wanaokusumbua zaidi ndio wanaopiga mara nyingi, kwa hiyo ndio watakaosafishwa mwanzo. Mwongozo nao usiutengee siku: anayetatua jambo gumu aandike mistari mitatu siku hiyo hiyo, kwenye faili moja ambalo wote wanaliona.

Kazi nyingine zitahitaji muda wake, hasa hayo malipo, maana hapo lazima mtu akae na watu wa uhasibu na wa mfumo. Kampuni ya 3M ya Marekani inajulikana kwa kuwaachia wataalamu wake asilimia 15 ya muda wa kazi wafuatilie mawazo yao. Kwa wiki ya saa 40 hiyo ni saa 6 kwa kila mtu. Ukiomba hizo utaambiwa tena muvuke robo. Mtoe mtu mmoja tu, kwa muda wa saa mbili kwa wiki, siku ambayo simu huwa chache, mbadilishane kwa zamu. Kama unaona namba ya Ijumaa itashuka kidogo, mwambie bosi mapema itashuka kwa kiasi gani na hadi lini. Akishtukizwa, mpango wako umekwisha.

Kuna jambo hukuliandika, nami nalishuku: baadhi ya vijana wako wanafunga malalamiko ambayo hayajaisha. Mtu akipimwa kwa idadi, ataleta idadi. Katika benki ya Wells Fargo wafanyakazi walibanwa kwa malengo ya mauzo hadi wakafungua mamilioni ya akaunti bila idhini ya wateja. Septemba 2016 benki ikapigwa faini ya dola milioni 185, na wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameshafukuzwa. Kwenu hakujafika huko, lakini ule mstari wa "waliorudi" utawafichua wanaofunga ovyo. Waambie kabla hujauanzisha, na usimwadhibu mtu kwa ya zamani, la sivyo watatafuta namna ya kuupika nao.

Bosi akiuona na bado akasema tuvuke robo? Endelea na zile saa mbili, ziko ndani ya mamlaka yako, na weka nakala ya namba kwa ajili ya tathmini yako ya mwaka. Namba za mwezi wenu wa kwanza wa kuhesabu nitumie. Wewe umetaja anwani mwanzo. Mimi nadhani malipo ndiyo yanaongoza.