Mshipi wako ni mrefu mno

Wengi wanaoanza kuvua kwa mwanzi hupima mshipi kwa tamaa. Mtu anaona maji mengi mbele yake, anajiambia sato wakubwa wako kule mbali, basi anafunga mshipi unaouzidi mwanzi kwa pima nzima. Nami nilianza hivyo hivyo: mwanzi wa mita 4, mshipi karibu mita 6, nimesimama juu ya jiwe kule Luchelele, Mwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ziwa limelala.

Boya likazama. Nikavuta, sato akaja, wa kilo hivi. Nikausimamisha mwanzi wima ili anifikie mkononi. Wapi! Mwanzi umesimama, samaki bado anaburuzika kwenye jiwe chini ya miguu yangu. Nikainama kumdaka kwa mkono mmoja, ncha ya mwanzi ikashuka, mshipi ukalegea, ndoano ikachomoka. Akajipiga mara mbili juu ya jiwe, huyo, akarudi kwao.

Mzee mmoja alikuwa jiwe la pili, ananitazama. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Kijana, huo mshipi ni wa mtumbwi." Akaulaza mwanzi wangu chini, akaunyoosha mshipi sambamba nao kuanzia nchani, na pale ulipobaki shibiri moja kabla ya kufika kwenye shina, akaukata na kuifunga ndoano upya. Hakueleza zaidi.

Tangu siku hiyo huo ndio urefu ninaoanzia: sawa na mwanzi, kasoro shibiri. Ukisimama na kuuegemeza mwanzi nyongani, samaki anakuja mwenyewe kifuani. Kutoka hapo unaongeza au unapunguza, ila uwe na sababu, na kutaka kufika mbali si sababu.

Sababu ya kwanza ni kimo cha mahali uliposimama, na hiyo wengi hawaihesabu. Kwenye mawe ya Mwanza unaweza kuwa mita 2 juu ya maji. Ukiushika mwanzi umelala usawa wa kiuno, ncha yake iko mita 3 juu ya maji, kwa hiyo mshipi wa mita 4 umeshapoteza mita 3 hewani na ndoano inazama mita 1 tu. Sato wa mchana, jua likiwa kali, hatapanda kukufuata huko. Hapo ama ushuke jiwe la chini, ama uongeze mkono mmoja wa mshipi na uende na wavu mdogo wenye mpini wa kumpokelea. Mimi hushuka. Wavu nilikuwa nao, nikauazimisha.

Kina napima kabla ya kuweka chambo. Natundika nati ya baiskeli kwenye ndoano, naishusha, nasogeza boya juu na chini mpaka litokeze kidogo tu wakati nati imegusa chini. Boya langu ni kipande cha kandambili kuukuu, linateleza vizuri kwenye uzi. Nikishajua kina, najua pia mshipi uliobaki kati ya boya na ncha ya mwanzi, na kipande hicho ndicho chenye maneno yote.

Upepo ukianza, kifupishe. Asubuhi ziwa linakuwa limetulia, lakini jua likipanda, kama kwenye saa nne au tano, upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu. Ukiwa na mita 2 za uzi kati ya ncha na boya, upepo unazijaza kama tanga, zinalala juu ya maji na kuliburuta boya kuelekea miguuni mwako. Chambo chini kinatembea kuliko nyungunyungu yeyote aliyewahi kutembea. Tena sato hamezi kwa pupa kama sangara. Anavuta chambo mdomoni, anakionja, anakitema. Mpaka ulegevu wote huo ukaze, kashatema. Siku za upepo naacha nusu mita tu juu ya boya, na ncha ya mwanzi naishusha karibu iguse maji.

Maji yakiwa angavu na mafupi, fanya kinyume. Kivuli cha ncha kikipita juu yao, sato wanatawanyika, na ukitulia utawaona kwa macho wakikimbia. Hapo naacha hata mita 2 kati ya ncha na boya, navua alfajiri kabla ya upepo, na kama nitakosa wawili watatu kwa kuchelewa kuvuta, sawa. Mvua ikishayachafua maji, hiyo shida inaisha, unaweza kuvua karibu kabisa na miguu yako.

Kwenye gugumaji na matete ndiko ninakopenda kuliko kote. Unatafuta kitundu cha upana wa sufuria, unateremsha chambo wima. Mshipi uwe nusu ya mwanzi, usizidi, na uzi uwe mnene kuliko kawaida, kwa sababu uzi mfupi hauna mnyumbuko wa kumchosha samaki. Nguvu yote inafika kwenye fundo. Akishika, mnyanyue juu papo hapo. Ukimpa dhiraa moja ya kucheza, kashazunguka mizizi, na utaondoka na mwanzi mtupu.

Ubaya wa mshipi mfupi ni kwamba samaki ananing'inia mbali nawe, lazima urudishe mwanzi nyuma, mkono kwa mkono, mpaka ncha ikufikie. Angalia nyuma kwanza. Mimi shina la mwanzi wangu liliwahi kuangusha chupa ya chai ya mama aliyekuwa anauzia wavuvi. Nililipa chupa na chai yote, na wavuvi wakanicheka wiki nzima.

Kwa hiyo siku hizi sendi na mshipi mmoja. Nina mitatu, kila mmoja umezungushiwa kwenye kibao chake na ndoano yake: mfupi wa magugu, wa kawaida, na mrefu wa maji angavu. Kwenye ncha ya mwanzi nimefunga kitanzi cha kamba ngumu, kubadilisha ni dakika mbili.

Na ukiona mshipi haufiki, usiingie majini kuufikisha. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa pembezoni penye majani na konokono. Nimemeza vile vidonge mara mbili, na vinakorofisha tumbo kweli kweli.